Kwa Nini Guka Alilala Kwenye Kiti

Karanja, baba yangu,

Umeshuka Subukia kunyoa, na baba yako ameenda kwa jirani kuziba ua ambao ndama wetu ameubomoa tena, kwa hivyo meza ya jikoni ni yangu peke yangu. Nimeona nikuandikie. Nikingoja nikuambie kwa mdomo utasema, "Mathe, nimeskia," kabla sijafika katikati, mimi nitawaka, na kesho asubuhi utaondoka tukiwa tumenuniana. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Mambo ya sweta, ya kula vizuri na ya kuchagua marafiki sitayagusa. Unayajua, na usiyoyajua utayajulia huko huko. Nataka kuandika juu ya patho.

Najua hutaki kulisikia hilo jina leo. Siku uliporudi nyumbani na matokeo ulikuwa ukiongea ukiangalia sufuria, wala si mimi. Ulisema masomo mengine yote ya uuguzi umepita, ila hili la jinsi ugonjwa unavyovuruga mwili limekuangusha, na ukianguka tena kwenye sapu, huo mtihani wa kurudia, chuo kitakuambia ubaki kwenu. Baba yako, ambaye akiona mtu analia lazima afanye mzaha, akasema, "Si akuje tu Kikopey kwa yule rafiki yangu wa butchery? Kazi ya nyama haina sapu." Hakuna aliyecheka. Yeye alitaka kukupunguzia uchungu, namjua, lakini mimi nilikuona ukilitafuna lile neno. Tangu siku hiyo nina hofu moja. Kukata nyama ni kazi ya halali na sina neno nayo. Ninachoogopa ni wewe kwenda kukata nyama ukiamini kwamba kichwa chako ni kibovu.

Basi nikaamua kukusaidia, na nikakusaidia vibaya. Nilifanya kama nilivyofunzwa mimi kabla sijaacha shule kidato cha pili: nikashika karatasi zako, wewe ukasimama hapo karibu na jiko, ukaghani, nami nikasubiri ukosee. Ulizitaja dalili za jeraha linalowaka: wekundu, joto, uvimbe, maumivu, na kiungo kukataa kufanya kazi. Nilikupigia makofi kana kwamba umeimba kanisani. Kila siku ulighani vizuri kuliko jana, na kila siku ulikuwa pale pale. Hilo sikuliona. Nilifurahi tu kusikia maneno makubwa yakitoka kwa mtoto niliyemzaa.

Kilichotutoa hapo ni kidole changu. Nilikuwa nimejikata kwa panga nikipogoa kahawa, na kidole kilikuwa kinapwita hadi kwenye kiwiko. Ulipofika kwenye "joto" nikakuuliza, na wala sikuwa nakupima, nilikuwa nimechoka na maumivu: "Lakini hilo joto linatoka wapi?"

Ukaangalia karatasi. "Imeandikwa tu kuna joto."

"Sijaiuliza karatasi."

Ulikasirika, ukachukua simu ukatoka nje, na mimi nikajilaumu kwamba nimekuvunja moyo. Lakini ulirudi chai ikiwa bado moto. Ukanishika mkono na kunionyesha. Ukasema mishipa midogo iliyo karibu na jeraha hupanuka, damu ya kutoka ndani kabisa ya mwili inakuja kwa wingi, na ndani ndiko kwenye joto. Halafu kuta za hiyo mishipa hulegea, maji ya damu yanavuja na kuingia kwenye nyama, na chembe nyeupe zinapita kwenda kupigana na uchafu. Nikashangaa sana. Miaka yote nilidhani uvimbe ni kazi ya panga, kumbe ni kazi yangu mwenyewe.

"Kwa hivyo ni mwili wangu unaniumiza?"

"Unakutibu, Mum. Sema tu hauna upole."

Tulicheka mpaka baba yako akaja kuuliza kuna nini. Kuanzia hapo sikushika karatasi tena. Nilikuwa nakuja na maswali tu, wakati wa kukamua, na ulikuwa huruhusiwi kunijibu kwa neno ambalo singeweza kulipeleka sokoni. Nilikuuliza kwa nini mtu mwenye ugonjwa wa sukari anakula na bado ana njaa. Ukaniambia sukari imejaa kwenye damu lakini haiingii kwenye chembe za mwili, kama mtu aliye na chakula kibarazani na mlango umefungwa. Nikauliza ni nani anayefunga. Ukasema homoni ya kufungua ndiyo haipo, au ipo lakini mlango hauisikii. Nikauliza kwa nini usisikie. Hapo ukasema, "Mathe, pia mimi sijui, wacha niulize." Sijui kama unajua, lakini siku hiyo nilikupenda zaidi kuliko siku ulizojibu.

Halafu ng'ombe wetu Malkia akaanguka.

Nitaliandika hili vizuri, kwa sababu kosa lilikuwa langu na baba yako hupenda kulisimulia vibaya. Alipozaa mara ya mwisho Malkia alikonda vibaya, basi safari hii nilitaka kumtangulia. Wakati hakamuliwi, akiwa na mimba kubwa, nilimwekea chokaa ya mifugo, ile yenye kalsiamu, kwenye chakula kila asubuhi, tena kwa mkono mzito. Nilijiambia maziwa yanahitaji madini, basi ajaze ghala mapema. Akazaa salama. Kesho yake tukamkuta amelala, shingo ameikunja ubavuni, masikio baridi kama jiwe. Mimi nikasema ni mapafu, nikamfunika gunia. Baba yako akaanza kunoa kisu kwa sauti ya chini, akidhani sisikii.

Daktari wa mifugo alikuja na ile chupa ya kalsiamu, akaipasha kwenye ndoo ya maji moto, akatafuta mshipa wa shingo. Aliiachilia dawa kidogo kidogo huku anausikiliza moyo wa Malkia kifuani. Ukamuuliza mbona haharakishi, mnyama anakufa.

"Nikiharakisha moyo utasimama, boss. Hii dawa inaguza kila msuli, na moyo ni msuli."

Malkia akatetemeka, akacheua, akajinyoosha, na baada ya muda akasimama na kutuangalia kana kwamba sisi ndio tuna shida. Nililia. Daktari alikuwa tayari anakusanya vitu vyake, ameitwa kwingine.

"Mama Njoroge, ulikuwa unampatia chokaa kabla azae?"

Nikasema ndiyo, na kwa kujivuna. Nikamwambia nilimpa nyingi.

"Basi hiyo ndiyo ilimwangusha. Usimpatie tena wakati kama huo."

Akawasha pikipiki akaenda. Nilitaka kumrushia ndoo. Nimempa madini mengi, halafu ameanguka kwa kukosa madini, na mtu anasema hivyo na kuondoka? Nikakugeukia wewe, na nakumbuka ulivyokaa juu ya lile debe, simu iko mfukoni hata hukuigusa, umekunja uso. Ukasema, "Ngoja. Ngoja kwanza." Nikangoja. Mimi, ambaye hata ugali siungoji.

Kisha ukaniambia juu ya vitezi vidogo vya shingoni. Kazi yake ni kupima kalsiamu kwenye damu, na ikipungua vinatuma habari kwenye mifupa iachilie kidogo, na kwenye figo zisiimwage. Mwili ukipewa kalsiamu kila siku kwa mdomo, vitezi havina sababu ya kuamka. Vinalala. Siku ya kuzaa maziwa yanavuta kalsiamu nyingi kwa ghafla, vitezi vinaamka vikipepesa macho, na mifupa iliyojaa haijui kufungua. Itachukua siku kadhaa kujifunza, na ng'ombe hana hizo siku.

"Hivyo vitezi nilikuwa nimevikariri," ukasema. "Sikuwa najua viko kazini."

Uliniambia hivyo na uso wako ukawa ule wa zamani, wa mtoto aliyekuwa akifungua redio yangu kuangalia mtu aliye ndani.

Nimeliwaza hilo jambo la Malkia kwa siku nyingi. Nilikuwa nimepanga kesho tuondoke pamoja, nikae pale nje ya chuo Nakuru na chakula kwenye hotipoti mpaka utoke mtihani. Gauni nilikuwa nimeshalipiga pasi. Leo nimelirudisha kabatini, chokaa imetosha. Utaenda mwenyewe, na sitapiga simu mpaka wewe upige. Najua utashukuru, na najua pia saa ile unaingia mimi nitakuwa hapa nafua nguo safi.

Sasa nije kwa jambo lililonikalisha hapa.

Unakumbuka siku tulipokuwa tunachambua maharagwe, ukaanza kunieleza moyo unapochoka. Ulikuwa unaongea tu, kama mtu anayepitia njia anayoijua. Ukasema mtu huyo jioni miguu inavimba, viatu vinamkaza. Akilala chali anakosa pumzi, kwa hivyo analala ameketi. Anaamka usiku kutafuta hewa dirishani. Nikaweka ungo chini na kukuambia urudie. Ulidhani nakupima, ukarudia haraka haraka. Sikuwa nakupima, Karanja. Ulikuwa umemtaja baba yangu, tangu nywele hadi kucha, na hukuwahi kumwona.

Una jina lake kwa sababu wewe ni mwanangu wa pili, na ndivyo sisi tunavyofanya: kaka yako Njoroge akachukua jina la upande wa baba, wewe ukanichukulia la baba yangu. Lakini habari ya mwisho wake hatukuwahi kuwasimulia, maana nyumbani kwetu Kabazi ilikuwa aibu.

Mwaka wake wa mwisho baba yangu, Guka wako, aliacha kitanda cha mama yangu, Cucu wako. Alihamia jikoni, kwenye kile kiti cha mbao chenye mikono, akajifunika blanketi akawa analala ameketi. Mimi nikiamka kuwasha moto namkuta pale, kichwa nyuma, mdomo wazi, viatu havijafungwa kamba. Na kabla ya hapo walikuwa wamegombana. Cucu alikuwa amempa ndugu yake kipande cha shamba alime viazi bila kumuuliza mzee, na wakanyamaziana siku nyingi. Kwa hivyo alipohamia kwenye kiti, hakuna aliyehitaji kuambiwa sababu. Mzee amekasirika. Cucu alimwomba msamaha mara moja, nikisikia. Akamjibu, "Hakuna kitu. Ni pumzi tu." Cucu aliona ni kisingizio cha mwanamume asiyetaka kusema, na yeye naye ana kiburi, unamjua. Hakumuuliza tena. Mzee alifia kwenye kile kiti, na kwenye mazishi shangazi zangu walisema kwa sauti ya kusikika kwamba ndugu yao amekufa na kinyongo kwa mkewe.

Cucu amebeba hayo mpaka leo. Hajawahi kuyasema, lakini nimemwona akikipita hicho kiti.

Siku ile ya maharagwe nilikuuliza maswali mpaka ukaniomba nipumzike. Nilitaka kujua kwa nini alale ameketi. Ukasema moyo ukishindwa kusukuma, damu inasongamana nyuma yake kama maji ya mfereji ulioziba, na maji yanavujia kwenye mapafu. Mchana mtu akisimama mengine yanashuka miguuni. Akilala chali, maji ya miguu yanarudi kwenye damu, moyo hauyawezi, na mapafu yanajaa. Mtu anazama akiwa kitandani pake. Akiketi, yanashuka, anapata pumzi.

Nikauliza maji mengi hivyo yalitoka wapi, maana Guka hakuwa mtu wa kunywa maji. Ukaniambia jambo lililonikosesha usingizi. Figo zikiona damu inayofika ni kidogo, zinadhani mwili umekauka. Basi zinashikilia maji na chumvi kwa nguvu, zikidhani zinamwokoa, na ndizo zinamzamisha. Nikakuuliza kama figo zake zilikuwa mbovu. Ukasema, "Hapana, zilikuwa poa. Ni vile zilipata habari mbaya." Nimefikiria sana nyumba yetu ya Kabazi baada ya hapo. Hakuna aliyekuwa mbaya ndani yake. Na mimi nilikuwa msichana mkubwa, naona miguu ile kila jioni, na sikuwahi kuuliza kwa nini. Nilikuwa na jibu tayari, ndiyo maana.

Kama kuna jambo nimejifunza katika likizo hii na ningependa ubebe, ni hilo. Mgonjwa akikuambia ni pumzi tu, muulize pumzi inakuwaje.

Asubuhi ya leo ulidhani nimeenda kuchukua miche. Nilienda Kabazi kwa Cucu. Sikutaka uondoke kabla sijajaribu, na niliogopa kukutuma wewe, maana unajua anavyokufanyia. Kwa sababu ya jina anakuita mume wake, anakugombeza umechelewa kurudi, anakuwekea kipande kikubwa cha nyama, na hucheka mpaka machozi. Sikujua kama ataweza kulisikia jambo hili kutoka kwenye mdomo wenye jina hilo.

Nilifanya kama wewe, nikaanza kwa kuuliza. Alikuwa anapukuchua mahindi kizingitini. Nikamuuliza kama viatu vya mzee vilikuwa vinamkaza jioni. Akasema ndiyo, alikuwa anazitoa kamba kabisa. Nikamuuliza kama, kabla hajahamia jikoni, alikuwa anaamka usiku.

"Alikuwa anafungua dirisha," akasema. "Baridi inaingia yote. Nikajua anataka nitoke."

Nikamwambia polepole, kwa Kikuyu, habari ya moyo, ya mfereji, ya maji yanayopanda mtu akilala. Za figo sikuziweza, zilinichanganya nikaziacha. Nikamwambia, "Hakuwa anakukimbia, Mama, alikuwa anatafuta hewa. Alipokuambia ni pumzi tu, alikuwa anakuambia ukweli."

Hakuinua kichwa. Aliendelea kupukuchua. Alimaliza gunzi akachukua lingine, na mimi nikaanza kudhani hakunisikia, au amenisikia na amekasirika kwamba nimefukua mambo. Kuku walikuja wakala karibu na miguu yake na hakuwafukuza. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Kwa hivyo ningempangia mito mgongoni, angelala na mimi?"

Nadhani ninalijua jibu, kwa jinsi ulivyonifundisha, lakini sina uhakika. Na sijui ni jibu gani litamuumiza zaidi: kwamba mito isingesaidia kitu, au kwamba ingesaidia. Nikamwambia nitakuuliza wewe.

"Muulize," akasema. "Lakini akuje aniambie mwenyewe."

Kwa hivyo sikiliza. Naogopa huo mtihani, sitakudanganya. Naogopa hata karatasi watakayokupa, na rangi ya kalamu watakayosahihishia. Ukipita nitapiga kelele mpaka Subukia wasikie. Usipopita tutakaa chini na baba yako na tuone la kufanya, na nitamkataza mzaha. Lakini juu ya kichwa chako sina wasiwasi tena, na nataka uingie kwenye kile chumba ukijua hivyo.

Ukimaliza, usije hapa kwanza. Usingoje matokeo, hayo yatachukua muda wake. Panda gari la Kabazi ukamjibu Cucu. Mwambie ukweli wote, hata kama ni mgumu, na ukae naye akimaliza kuusikia. Ni mzee sana sasa, na swali lake limekawia.

Mama yako